BARAZANI MWETU: Mchezo Uliowanunisha Ndugu Wawili

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba safari hii tungezungumza juu ya kuandika wasia. Ahadi hiyo haijafa. Imesogezwa mbele kidogo tu, kwa sababu limetokea jambo katika nyumba ya msomaji wetu mmoja ambalo nimeona haliwezi kungoja. Huenda likawa dogo machoni pa wengi, lakini wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo lenyewe lilinikuta sokoni Ruwi, jioni moja nikiwa nachagua ndizi mbichi. Mama mmoja, ambaye amelisoma jarida letu tangu lilipokuwa na kurasa nne, alinisimamisha. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watu wa nyumbani. Nilipomwuliza habari za wanawe, uso ulimbadilika.

"Mwalimu," aliniambia, "leo wiki ya tatu vijana wangu hawasemezani. Wanalala chumba kimoja, wanakula sinia moja, na salamu hakuna. Hawakugombea mali, hawakugombea mchumba. Wamegombea mchezo wa video! Nimekwisha kuamua kulitupa hilo lidude lao, ila nimeona nikuulize kwanza."

Nilimjibu kwamba sina elimu ya michezo hiyo, na mtu asiyekijua kitu hafai kukihukumu. Nikamwomba anikaribishe nyumbani kwake usiku wa kuamkia Ijumaa, niwasikilize vijana wenyewe. Alikubali, na ndivyo nilivyojikuta Mabela, baada ya sala ya isha, nimeketi juu ya mkeka mbele ya televisheni kubwa, kikombe cha kahawa mkononi, nikiangalia mtu mwenye deraya akiuawa mara kumi na moja mfululizo.

Kabla ya kueleza waliyoyasema, ni wajibu nimfahamishe msomaji mchezo huo ni mchezo gani.

Unaitwa Dark Souls II. Ulitengenezwa na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo, ukatolewa mwezi Machi 2014 kwa mashine za PlayStation 3 na Xbox 360, na Aprili mwaka huohuo kwa kompyuta. Aprili 2015 ulitolewa tena ukiwa umepangwa upya, kwa jina la Scholar of the First Sin. Ulitanguliwa na Demon's Souls wa mwaka 2009 na Dark Souls wa mwaka 2011, michezo miwili iliyojijengea sifa kwa ugumu wake. Huko Ulaya waliuwekea alama ya kwamba haufai kwa aliye chini ya miaka 16, na nafikiri hawakukosea.

Masimulizi yake ni ya giza: falme zilizoanguka, mazimwi, wachawi, na mashujaa waliosahau walichokuwa wakikitafuta. Mchezaji ni mtu aliyepatwa na laana ya kutokufa, na anasafiri kwenda nchi iitwayo Drangleic akitafuta dawa. Kila afapo, huzinduka kando ya moto wa mwisho aliopumzika. Roho alizozivuna kwa kuwaua maadui ndizo fedha yake ya kununulia na ndizo zinazomwongezea nguvu. Akifa, zote hubaki pale alipoangukia. Akifika tena mahali hapo ataziokota. Akifa njiani kabla ya kufika, zimepotea na hazirudi.

Lipo na jingine, nalo ndilo lililochochea magomvi katika nchi nyingi, si Mabela peke yake. Katika mchezo huu kila kifo humpunguzia mchezaji kiasi cha uhai wake, kidogo kidogo, mpaka abaki na nusu tu. Kwa maneno mengine, kadiri unavyoshindwa ndivyo unavyodhoofishwa, na kadiri unavyodhoofishwa ndivyo unavyozidi kushindwa.

Sasa turudi mkekani. Walikuwapo ndugu hao wawili: mkubwa ana miaka 23 na amekwisha kuanza kazi, mdogo ana miaka 17 na yuko skuli. Alikuwapo binti wa mama yao mdogo, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwapo mjomba wao, fundi wa ujenzi aliyefika Maskati miaka mingi kabla yao. Na kwenye kona, akikuna nazi, alikuwapo bibi yao, mama mzaa mama. Nilianza na mdogo, kwa kuwa ndiye aliyesemwa kuwa ameshindwa.

"Niliununua kwa fedha zangu za sikukuu," alisema. "Kaka alikuwa akiusifu tangu nikiwa mdogo. Nilicheza kila siku muda wa miezi miwili. Mchezo huu hauna uadilifu. Katika ule wa kwanza ulikuwa ukikutana na adui mmoja mmoja, ukimjua humpati tabu. Huu unakutupia watano kwa pamoja. Unabingirika kulikwepa panga, unaona kwa macho yako kwamba limepita pembeni, na bado umekufa. Halafu wanakukata uhai kwa sababu umekufa. Na nchi yenyewe haikupangwa. Unapanda lifti juu ya kinu cha upepo, ukifika unakuta ngome iliyozungukwa na ziwa la moto! Ziwa la moto juu ya kinu, angani! Nani aliyejenga nchi kama hiyo?"

Nilifahamu baadaye kwamba malalamiko hayo hakuyabuni yeye. Tangu mwaka 2014 wachezaji wengi duniani wameyarudia takriban neno kwa neno, pamoja na lawama nyingine kwamba mwanga na vivuli vilivyoonyeshwa kabla ya mauzo vilikuwa bora kuliko vilivyomo katika mchezo uliouzwa. Wahakiki wa magazeti walikuwa wameupa wastani wa takriban alama 90 katika 100. Wachezaji wa kawaida hawakuwa wakarimu kiasi hicho, na hadi leo, baada ya zaidi ya miaka kumi, kundi moja huuita mbaya kuliko ndugu zake wote na kundi jingine huuita uliodhulumiwa kuliko ndugu zake wote.

Mkubwa hakungoja nimpe zamu.

"Mwalimu, huyu hataki kusema kwamba mchezo una huruma zake. Ipo sanamu ndogo ya mtu, ukiitumia uhai unarudi wote. Ipo pete inayopatikana mapema, ukiivaa uhai hauteremki chini ya takriban robo tatu. Na adui ukimuua mara nyingi mahali pamoja, hatokei tena. Hata mtu dhaifu, akiwa na subira, ataisafisha njia nzima. Wapi pengine palipo na huruma hiyo? Ugumu si dhuluma. Nilimwambia ajifunze kucheza, akanuna."

"Hiyo si huruma," alijibu mdogo, akimwangalia mama yake badala ya kaka yake. "Adui anaondoka kwa sababu amechoka kuniua."

Tulicheka sote, isipokuwa mkubwa. Neno hilo la "jifunze kucheza", wapenzi wasomaji, nimeambiwa ndilo jawabu la kawaida ambalo mashabiki wa michezo hii humpa kila anayelalamika. Ni jawabu fupi, na mara nyingine ni la haki. Lakini lina kasoro moja ambayo nitaieleza hapo mbele.

Binti wa chuo kikuu alikuwa na maoni ya namna nyingine kabisa. Yeye hakujali sana mambo ya panga na kubingirika. Alisema kwamba ameumaliza mchezo mara mbili, na kinachomrudisha ni kijiji kiitwacho Majula. Aliniomba nikitazame. Ni nyumba chache zilizochakaa juu ya jabali, bahari chini yake, jua linaelekea kuzama na halizami abadani, na muziki wa mtunzi Motoi Sakuraba unapigwa kwa upole. Wakaao hapo ni wachache, na wengi wao ni wageni waliotoka nchi nyingine kwa sababu zao na hawakurudi. Kando ya moto wa kijiji pana jiwe linalohesabu vifo vya wachezaji.

Hapo ndipo bibi alipoweka mbuzi ya nazi chini.

"Nyinyi watoto," alisema, "mnazungumza Kizungu nusu, Kiarabu robo, na Kiswahili mabaki. Kama mnataka nami nijue mnachogombania, nielezeni kwa lugha ninayoifahamu. Huyo mtu aliyelaaniwa ana nini hasa?"

Pakawa kimya. Nilimwona mkubwa, aliyekuwa akisema kwa haraka kama cherehani, akitafuta maneno. Binti ndiye aliyejaribu kwanza. Alieleza kwamba laana hiyo inamnyang'anya mtu kumbukumbu zake moja baada ya moja, mpaka anabaki kiwiliwili kinachotembea, hakijui kilikotoka wala jina la mama yake. "Anakuwa gofu, bibi. Gofu la mtu."

"Ahaa," bibi alisema. "Kwetu tulikuwa tukiambiwa habari za misukule. Na nilipokuja Oman nikakuta wenyeji nao wana hadithi za watu wanaosemekana kufichwa na wachawi, ilhali jamaa zao wamekwisha kuwazika. Kumbe na Wajapani wanayajua haya."

Binti akaendelea. Alieleza habari za shujaa mmoja wa kike ndani ya mchezo, Lucatiel wa nchi ya Mirrah, anayevaa barakoa na kumtafuta kaka yake aliyepotea. Unakutana naye mara kadhaa njiani, na kila mara amesahau zaidi. Mwisho anakuomba jambo moja tu: ulikumbuke jina lake, kwa kuwa yeye mwenyewe hana hakika kwamba ataendelea kulikumbuka.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na nyinyi mnalikumbuka?"

"Tunalikumbuka," walijibu ndugu wote wawili kwa pamoja. Hilo lilikuwa neno lao la kwanza la pamoja katika wiki tatu, ingawa hawakuangaliana.

Mpaka hapo nilikuwa nimekwisha kuona kwamba mchezo huu si upuuzi mtupu, na kwamba anayeuchukia na anayeupenda kila mmoja ana hoja yake. Lakini bado sikuwa nimekiona kiini cha ugomvi. Aliyenionyesha ni mjomba, ambaye muda wote alikuwa kimya akinywa kahawa.

Mjomba alimwuliza mdogo: "Umeweka roho ngapi kwenye ile sifa ya kuzoea mazingira?"

"Sifa gani?" mdogo aliuliza.

Mjomba akaweka kikombe chini, akatueleza, nami ninaeleza kama nilivyofahamu. Mchezaji hutumia roho zake kununua sifa: nguvu za mkono, wingi wa uhai, pumzi za kukimbilia, na kadhalika. Katika michezo hii, unapobingirika kulikwepa pigo, kuna muda mfupi mno, sehemu ndogo ya nukta, ambapo silaha haikupati hata ikikupitia. Katika mchezo wa mwaka 2011, ubora wa kubingirika ulitegemea uzito wa mavazi uliyoyavaa. Katika huu wa mwaka 2014 waliufunga muda huo wa kinga kwenye wepesi wa mwili, na wepesi huo huongezeka hasa kwa sifa inayoitwa kuzoea mazingira. Asiyenunua sifa hiyo hubingirika kama wenzake, huonekana amekwepa, na hupigwa. Hata maji ya kumponya huyanywa taratibu. Maelezo yaliyomo ndani ya mchezo ni mafupi, wala hayamwonyeshi mgeni kwamba jambo hilo ni la kufa na kupona.

Mdogo alimgeukia kaka yake kwa mara ya kwanza.

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

Na mkubwa akatoa jawabu ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Na mimi nani aliniambia? Nilihangaika mwezi mzima mpaka nikagundua. Nilidhani na wewe utagundua."

Wasomaji wangu, nani katika sisi hajapata kulisikia jawabu hilo hapa mjini? Nani hajapata kulitoa?

Mjomba hakumlaumu. Alisimulia tu kisa cha kiangazi chake cha kwanza Maskati. Alifika mwezi Mei, akapewa kazi ya kufunga nondo mahali pasipo kivuli. Juni ilipoingia alikuwa akifanya kazi mchana kutwa, kichwa kikimzunguka, akitapika, akijiambia kwamba yeye ni mtoto wa pwani ya kijani na mwili wake ni dhaifu, na kwamba wenzake wanaume zaidi yake. Aliingiwa na aibu hata ya kuandika barua nyumbani. Ilipita miezi miwili kabla ya kusikia, kwa bahati tu, kwamba kanuni za kazi za Oman zinakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu za mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Msimamizi wake hakumwambia. Lakini hilo halikumuuma sana, kwani hakulitarajia jema kwake. Lililomuuma ni kwamba wananchi wenzake wawili, waliokaa naye chumba kimoja na wanaoongea lugha moja naye, walikuwa wakiijua kanuni hiyo siku zote.

"Nilipowauliza," mjomba alisema, "waliniambia kama alivyosema huyu: na sisi nani alituambia?"

Sasa naomba niseme maoni yangu, na msomaji ana haki ya kuyakataa.

Wanaoutetea mchezo huu husema kwamba ugumu ni mwalimu. Nakubaliana nao. Mtoto aliyelelewa bila kushindwa hushindwa vibaya siku ya kwanza anapotoka mlangoni, na mchezo unaomfundisha kijana kuinuka mara ya kumi na mbili baada ya kuanguka mara kumi na moja una faida zaidi ya ile inayompongeza kwa kubonyeza tu. Tena hata hiyo adhabu ya kukatwa uhai, mradi mchezaji anaijua tangu mwanzo, inamfundisha kuithamini akiba na kuchagua wakati wa kuitumia.

Lakini wanaoulaumu nao wana haki, na haki yao iko mahali pamoja. Ugumu unaoelezwa ni mtihani. Ugumu unaofichwa ni mtego. Katika mtihani ukishindwa unajua ulikosea wapi, na unajifunza. Katika mtego ukishindwa unajifunza kitu kimoja tu, tena cha uongo: kwamba wewe hufai. Yule kijana wa miaka 17 hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa akifanya kila alichotakiwa kukifanya, kwa wakati wake, na akipigwa kwa sababu ya hesabu asiyoijua. Kaka yake alipomwambia ajifunze kucheza, alimwambia maneno ambayo msimamizi angeweza kumwambia mjomba chini ya jua la Julai.

Na hapa ndipo kasoro ya jawabu lile la kawaida. Linadhani kwamba kila anayelalamika amekosa juhudi. Historia ya mchezo huuhuu inalikanusha. Toleo la kompyuta lilipotoka mwaka 2014, wachezaji wake walilalamika kwamba silaha zao zinaharibika upesi mno. Baadaye ikathibitika kwamba palikuwa na hitilafu ya kweli: mchezo ukiendeshwa kwa picha 60 kwa nukta, badala ya 30 kama kwenye mashine za zamani, silaha zilikuwa zikichakaa kwa kasi maradufu. Kampuni iliirekebisha hitilafu hiyo mwaka 2015. Juhudi hazikuwa na dosari. Dosari ilikuwa katika mizani, na aliyelalamika ndiye aliyesababisha mizani irekebishwe.

Watengenezaji wenyewe, kwa matendo yao, wamezikubali hoja za pande zote mbili. Mchezo huu uliongozwa na Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura, wakati Hidetaka Miyazaki, aliyeuongoza ule wa kwanza, akishughulika na mchezo mwingine, Bloodborne, uliotoka mwaka 2015. Kwa miaka mingi wapo waliosema kwamba kukosekana kwa Miyazaki ndiko kulikouharibu. Lakini mwaka 2022 ulipotoka Elden Ring, ulioshinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka huo katika The Game Awards, walioongoza walikuwa Miyazaki na Tanimura pamoja. Ndani yake yamerudi mambo ambayo yule aliyedharauliwa ndiye aliyeyaleta: kupigana na silaha mbili za jamii moja kwa mapigo ya pamoja, na kumruhusu mchezaji azipange upya sifa zake akitambua kwamba alichagua vibaya. Mazuri yake yamehifadhiwa. Na ile sifa ya kuzoea mazingira? Haikuwamo katika Dark Souls III wa mwaka 2016, wala haimo katika Elden Ring. Waliyemsuta kwa kulalamika alikuwa amesema kweli kwa upande wake, kama waliousifu walivyosema kweli kwa upande wao.

Basi nilimwambia nini yule mama?

Kwanza, nilimwambia asiitupe mashine. Ukiitupa, ugomvi utabaki, tena utakosa mahali pa kuzungumziwa. Pili, nilimwambia kwamba kuchagua mchezo gani uingie nyumbani ni haki na wajibu wa mzazi. Wapo watakaoona kwamba hadithi za laana na wachawi hazina nafasi kwao, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini mzazi na aamue akiwa amekaa na kutazama, asiamue kwa kuchungulia mlangoni. Aiangalie alama ya umri iliyo juu ya kasha, aweke saa maalumu, na siku za mitihani mashine ifungwe kabatini. Tatu, na hili ndilo kubwa, nilimwambia awatake vijana wake wamweleze mchezo huo kwa Kiswahili, kama bibi yao alivyowalazimisha. Niliona kwa macho yangu kwamba walipokuwa wakigombana kwa lugha ya mchezo walikuwa wakirushiana maneno ya watu wengine. Walipolazimika kutafuta maneno ya nyumbani, kila mmoja alianza kusema lililo moyoni mwake.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mama huyo tena. Nilitaraji kuambiwa kwamba mambo yamekuwa mazuri kabisa, kama katika hadithi. Haikuwa hivyo. Mdogo alirudi kwenye mchezo, akanunua sifa aliyoikosa, akavuka mahali palipomshinda, na bado anasema kwamba mchezo ni mbaya na lile ziwa la moto juu ya kinu ni upuuzi. Mkubwa bado anautetea kama mtu anayetetea timu ya mtaani kwao. Wanabishana mpaka usiku, mama yao anawafokea wazime taa. "Lakini wanabishana wakiwa wameketi mkeka mmoja," alisema, "na jana nimemsikia mkubwa akimwambia mwenziwe: hapo ngoja, kuna jambo sikukwambia."

Wapenzi wasomaji, mgeni hufika hapa kila mwezi. Mwingine ni mtumishi wa nyumbani, mwingine fundi, mwingine mke aliyemfuata mumewe, mwingine mtoto anayeanzishwa skuli kwa lugha asiyoijua. Wote watapata tabu, na baadhi ya tabu hiyo itawakomaza. Hiyo hatuwezi kuwaondolea, wala si lazima tuwaondolee. Lakini ipo tabu nyingine isiyomkomaza mtu, itokayo tu na kutoambiwa jambo ambalo jirani yake analijua. Hiyo iko mikononi mwetu. Tusimwambie mgeni kwamba na sisi hatukuambiwa.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, mhariri ameniruhusu nitenge nafasi chini ya safu hii kwa ajili ya mambo ambayo wasomaji wangependa wangeambiwa walipofika Maskati. Yaandike kwa ufupi, mistari mitatu au minne, hata kwa penseli, umpe yule yule anayekuletea jarida hili. Mjomba wa Mabela amekwisha kunipa lake, nalo ni la saa sita na nusu mchana.

Na wasia tutauzungumza mwezi ujao, inshallah. Mpaka hapo, kwaherini.